Chui Alivyopakwa Mafuta ya Ufuta

Niwashe moto?
Washa, tuote.
Nitie na uongo?
Tia, ila usizidishe.

Basi sogeeni. Kisa hiki alikuwa akitusimulia bibi yangu, Bibi Mandia, kule Lushoto, mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Alisimulia huku akitupaka mafuta ya ufuta ya uvuguvugu. Kawaida hiyo aliipata kwa jirani yake, Bi Kusum, Mhindi aliyejua tiba ya kwao ya Ayurveda. Bi Kusum alisema kipupwe huleta upepo mkavu mwilini, viungo vikakaza. Mtu ajipake mafuta, anywe tangawizi, ale chakula cha moto, alale mapema. Siku hizi nanunua mafuta ya dukani. Hayanukii vile.

Sasa, hapo kale alikuwapo Pimbi, mjane mwenye watoto watatu. Waliishi kwenye ufa wa jabali. Kila asubuhi walitoka kuota jua juu ya jiwe, maana pimbi asipoota jua mwili wake haupati moto.

Siku moja akaja Chui. Akaruka, akajilaza jiwe zima, mkia mpaka ukingoni.

"Shikamoo, Mzee Chui. Tupishe kidogo, watoto wanaganda."

"Marahaba. Jiwe ni langu. Jua ni langu. Na nikiona njaa, watoto ni wangu."

Siku ya kwanza watoto wakatetemeka ndani ya ufa, tete-tete. Siku ya pili, tete-tete. Siku ya tatu yule mdogo hakutetemeka tena. Alilala tu, pua ya baridi. Pimbi akamgusa, akaogopa.

Akabandika chungu cha mafuta ya ufuta motoni. Yalipopata uvuguvugu, akayapeleka chini ya jiwe.

"Mzee Chui, nasikia ukitembea magoti yanalia."

Kweli yalikuwa yakilia, kwa, kwa.

"Huo ni upepo wa kipupwe. Jua peke yake haliutoi. Shuka nikupake mgongo na magoti. Nyayo tuziache."

"Kwa nini tuziache?"

"Yanayobaki ni ya watoto, mzee."

"Hayabaki. Paka nyayo. Paka zote nne."

Pimbi akapaka, akapaka. Chui akafumba macho. Akamkumbuka mama yake alivyokuwa akimlamba pangoni, mvua ikinyesha nje, naye hajui njaa wala magoti. Akakoroma. Pimbi akamwonea huruma kidogo, lakini mkono haukusimama.

Chui akaamka, akaruka jiweni. Sereree, pu.

"Pimbi, nateleza."

"Ni baridi inatoka, mzee. Ongeza mafuta."

Akaongeza. Akaruka. Sereree, pu.

"Pimbi, bado nateleza."

"Imebaki kidogo. Ongeza."

Akamaliza chungu. Akaruka. Sereree, akabingirika mteremko mzima, mgomba huu, mgomba ule, mpaka bondeni Mombo. Pu.

Huku juu Pimbi akamtoa mtoto wake, akamlaza penye jua. Akangoja. Jua likapanda. Mtoto akapiga chafya, akataka kunyonya.

Chui naye? Mombo kuna joto. Magoti yakaacha kulia. Akahamia huko huko, na humsifia Pimbi kwa kila anayepita: yule ni tabibu, mimi nilitoka kwake mbio.

Kisa kimeiva, nimekiepua. Kilichoungua mnisamehe.

Funzo, Bibi alisema bila kucheka, ni hili: mnyonge akikuhudumia, mpokee kwa moyo mweupe wala usimshuku. Tukamwambia, mbona Chui hakushuku, akaanguka? Akasema, "Alipona, hakupona?"