Nitajibu Nikishiba

Haya, mpo?
Tupo!
Masikio mmeyaleta?
Tumeyaleta, na ya jirani!

Basi alikuwepo Bi Pimbi, mdogo, mnene, hana hata mkia. Alikuwa na watoto wanne na kidimbwi kimoja chini ya jabali, alichoachiwa na mama yake. Kiangazi kikaingia, na Kiboko naye akaingia. Chubwi! Akakijaza kidimbwi chote kwa tumbo lake.

"Bwana mkubwa, hapa ni kwetu."

"Kwenu? Kashtaki basi, we usiye na mkia!"

Akaenda kweli. Watoto walikuwa wanalamba umande; angengoja nini? Hakimu Kobe akaandika wito kwenye jani la mboga, akagonga muhuri mwekundu, pa! "Kiboko ana siku kumi na nne za kuleta majibu. Asipoleta, nitaamua bila yeye."

Bi Pimbi akawaza njia nzima. Kiboko akija atanguruma, mashahidi watatimka, kesi itakufa. Dawa ni asije. Lakini wito lazima aupate, tena karani wa mahakama akiona. Akapita shambani kwake, akachuma boga, akalifunga kwa lile jani.

"Bwana mkubwa, wito wako huu, usome," akasema, karani Kasuku akitazama.

Kiboko akapanua kinywa. Ngwamu! Boga na wito, vyote ndani.

"Utajibu lini?"

"Nitajibu nikishiba."

Siku ya tano akarudi na boga. "Bwana mkubwa, zimebaki tisa." Ngwamu! "Nitajibu nikishiba."

Siku ya kumi akarudi na mawili. "Bwana mkubwa, zimebaki nne." Ngwamu, ngwamu! "Nitajibu nikishiba."

Siku ya kumi na nne akaleta yote yaliyobaki shambani. Ilimuuma, maana ndicho kilikuwa chakula cha wanawe. "Bwana mkubwa, leo jua likizama, basi." Ngwamu, ngwamu, ngwamu! "Niki... shiba." Kiboko akakoroma.

Asubuhi yake akatinga mahakamani, ardhi inatetema, ti! ti! ti! "Nimeleta majibu!"

"Hukumu ilitoka jana jua lilipozama," akasema Kobe. "Ulikuja upande mmoja, nikausikiliza huo. Kidimbwi ni cha Bi Pimbi."

"Mimi sijaona wito wowote!"

Bi Pimbi akasimama. "Bwana mkubwa, panua kinywa."

Kwa mazoea, Kiboko akadhani ni boga. Akapanua. Kumbe bwana huyu anaishi majini na hajawahi kusukutua! Kwenye gego la nyuma, kipande cha jani kimenasa, muhuri mwekundu juu yake.

"Niongezewe muda!"

"Sababu?"

"Nilikuwa nakula."

"Karani, andika: alikuwa anakula."

Siafu wa mahakama wakatumwa wamtoe kidimbwini. Wakamwingia masikioni, Kiboko huyo mbio mpaka mtoni! Watoto wanne wakanywa, glo glo glo, mpaka matumbo yakawa ngoma.

Hapo naitua. Funzo lake, enyi wakubwa wetu wapendwa: mkiletewa wito na mtu mdogo, msijisumbue kuusoma. Uleni tu, ni mtamu kwa boga. Na mwenye kuipinga hadithi hii ana siku kumi na nne. Zikipita, imekuwa kweli.