Nyanya za Bi Mize na Ndevu za Liwali

Naja na ngano!
— Njoo nayo!
Nimeibeba kichwani au mkononi?
— Mdomoni!
Haya, sogeeni niitue.

Hapo kale, katika mji wa Mchichani, aliondokea mjane akiitwa Bi Mize. Nyuma ya nyumba yake alipanda nyanya za mbegu aliyoachiwa na bibi yake. Hazikuwa nyanya za sokoni. Zilikuwa na mikunjo kama boga, rangi ya zambarau, na ukikata moja harufu inafika mtaa wa pili. Mji mzima hakuna aliyekuwa nazo ila yeye.

Mwaka mmoja jua likawa kali, miche ikafa yote, ukasalia mmoja. Huo mmoja ukatambaa, ukaparamia ua, ukaingia dirishani kwa jirani yake, Mzee Vuai, ukazaa nyanya tatu juu ya kitanda chake. Kisha nao ukakauka. Mzee Vuai akasema kilicholala kitandani kwake ni chake. Bi Mize akasema shina liko kwake. Wakaenda kwa liwali wa mji.

Liwali alikuwa na ndevu mpaka kitovuni, nyeupe pe, nazo zilimtia simanzi, maana kila akiposa anaitwa babu.

Siku ya kwanza akataka ushahidi. Akaletewa nyanya. Akaitazama, akainusa, akaila. Akasema kesi ni ngumu, warudi kesho. Siku ya pili akaitazama, akainusa, akaila. Siku ya tatu, wenzangu, akaitazama, akainusa...
— Akaila!
Akaila.

Bi Mize akahesabu hasara yake. Mbegu ya bibi yake imekwisha, na imeishia tumboni mwa mtu. Machozi yakimlengalenga, akaona mbegu zimenasa kwenye ndevu za liwali, zimetapakaa kama chawa. Angeziomba, Mzee Vuai angezidai naye. Basi akangoja jirani atoke, akamsogelea liwali, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Bwana, ndevu hizo usizioshe. Maji ya nyanya hii huzirudisha zikawa nyeusi. Zinyunyizie maji mara tatu kwa siku, uzifunike kwa kitambaa kibichi, siku saba."

Liwali akanyunyiza asubuhi, akanyunyiza mchana, akanyunyiza jioni. Siku ya nane akajitazama kwenye kioo. Ndevu hazikuwa nyeusi. Zilikuwa kijani. Miche kumi na minne imechomoza, na kila akipumua inayumba.

Akamwita Bi Mize kwa siri, akamsihi amwondolee aibu ile. Bi Mize akajaribu kwa kijiko, taratibu, lakini mizizi ilikuwa imeshikana na ndevu. Akamweleza liwali kwamba hapana njia ila kunyoa. Akanyoa zote, akazitia kikapuni na miche yake, akaenda kuzipanda hivyo hivyo. Nyanya za mwaka ule zilijaa uani mpaka mlango ukawa haufunguki.

Mzee Vuai alipokwenda kuuliza hukumu, liwali alimjibu akiwa nyuma ya mlango.

"Hakuna kesi, hakuna nyanya, hakuna ndevu. Nenda nyumbani."

Mzee Vuai akarudi njia nzima akijiuliza ndevu zimeingiaje.

Ngano imeiva, nimeichuma. Nani ana kikapu?
— Sisi!
Chukueni basi. Mimi nimebaki na kikonyo.