Buku na Machozi ya Chui

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na nini?
— Palikuwa na pua!

Naam, pua. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana, palikuwa na panya buku mmoja. Jina lake Buku. Mwili kiasi, mashavu makubwa, na pua! Pua ile, wanangu, haikuwa ya mchezo. Aliyepotelewa na yai alikwenda kwa Buku. Aliyepotelewa na mume alikwenda kwa Buku. Naye Buku alinusa, nusa-nusa, nusa-nusa, mpaka akapata.

Asubuhi moja akasikia, "Hodi wenyewe!"

Buku akachungulia kutoka shimoni mwake. Lo! Chui! Chui mzima na madoa yake, machozi yanamtiririka, tiriri, tiriri.

"Ndugu Buku, nimepotelewa na mwanangu. Ni Digidigi, yatima. Mama yake alikufa, nikamlea mimi. Sasa kanikimbia. Sitaki kumrudisha kwa nguvu, jamani. Nataka kujua tu yuko wapi, roho itulie."

Buku alikuwa na udhaifu mmoja. Akiona mtu analia, naye machozi humlengalenga.

"Nyamaza, mzee. Nitamtafuta."

Chui alipoondoka, mkewe Buku, Mama Mashavu, akatoka.

"Baba watoto, tangu lini chui akalea digidigi?"

"Mapenzi hayachagui ngozi, mke wangu."

"Hayachagui, kweli. Na njaa nayo haichagui."

Buku akacheka, akamgusa shavu kwa shavu, akaenda zake.

Nusa-nusa kwenye miiba. Nusa-nusa kwenye majani. Akavuka bonde, akapanda kilima, akafika kwenye majabali ya pimbi. Huko, ndani ya ufa mwembamba wa jiwe, akaona macho mawili makubwa.

"Usiogope, mwanangu. Nimetumwa na baba yako."

"Baba yangu yupi?"

"Aliyekulea. Chui."

Digidigi akaanza kutetemeka, tete-tete-tete.

"Mjomba, Chui hakunilea! Chui alimla mama yangu! Pale kisimani, mahali alipoapa mbele ya wanyama wote kwamba hamgusi mtu. Hakuna aliyeona ila mimi. Ndiyo maana ananitafuta."

Pua ya Buku ikanyanyuka yenyewe. Harufu ya nyama mbichi. Nyuma yake. Karibu.

"Ahsante, Buku," ilisema sauti laini. "Nilijua wewe ukifuata harufu yake, mimi nitakufuata wewe."

Chui! Machozi hana tena. Akaruka, pwaa! Digidigi akajirudisha ndani kabisa ya ufa. Chui akaingiza mkono, akakwaruza, kwaru, kwaru.

Buku angeweza kukimbia. Njia ilikuwa wazi, na nyumbani kuna mke na watoto. Lakini ni yeye aliyemleta adui mlangoni kwa yatima, na jambo hilo lilimchoma kuliko kucha. Miguu ikagoma kuondoka. Akatazama juu. Kwenye kila jiwe, pimbi wamejibanza kimya, masikio wima.

Buku akapaza sauti, "Mzee Chui! Si ulisema ni mwanao?"

"Mwanangu wapi!" Chui akanguruma, mkono bado ndani ya ufa. "Mama yake nilimla kisimani, na huyu namla sasa, ili asibaki wa kusema!"

"Basi tumebaki sisi!" wakapiga kelele pimbi. Kwiii! Kwiii! Kwiii!

Kilima kizima kikalia. Nyati akasikia, akaja. Tembo akasikia, akaja, kishindo, kishindo. Chui akavuta mkono, mkono ukakataa. Akavuta, ukakataa. Ulipochomoka, amezungukwa. Pimbi wakasema walichosikia. Digidigi naye akatoka, akasema alichoona. Nyati akainamisha pembe, na Chui akafukuzwa ng'ambo ya mto, mkia katikati ya miguu.

Buku akamsogelea Digidigi, kichwa chini. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuletea kifo."

"Ulikileta, mjomba. Lakini hukuniacha peke yangu."

Wakarudi pamoja. Mama Mashavu akamtazama mgeni, miguu yake myembamba, macho yake mekundu kwa kilio. Hakuuliza mengi.

"Ingia ule, mwanangu."

"Mama, mlango ni mdogo. Siingii."

Mama Mashavu akageuka akaanza kuchimba, chimbu-chimbu. Buku akachimba. Watoto wakachimba. Udongo ukaruka mpaka jua likashuka, na mlango ukatosha.

Basi, wanangu, si kila anayelia amefiwa. Kabla hujamtafutia mtu anachokitaka, muulize anakitakia nini.

Hadithi yangu imefika mwisho wake hapo. Mlio macho nipeni maji, na waliolala wafunikeni.