Makapu Mawili ya Mbonea

Hata uji sijamaliza mmeshanizunguka. Mwalimu kawapa jedwali, upana wa makundi umewashinda, sasa bibi ndiye dawa. Mimi shule niliishia kufagia uwanja. Haya, kaeni. Wewe, acha kuchokoa pua.

Hapo zamani, milimani Upare, palikuwa na bwawa moja, na mashamba arobaini chini yake. Upana wa mashamba ulikuwa mmoja. Urefu ndio uliotofautiana. Ukame ukaja. Msimamizi wa bwawa, Mbonea, akamwita Senkoro, mjuzi wa kuhesabu. Senkoro akapima kila shamba kwa hatua, kila shamba akaliwekea kokoto moja. Refu kuliko yote lilikuwa hatua arobaini.

"Mzee, tuzigawe kokoto makapu manane," akasema Senkoro. "Kila kapu hatua tano, na muda wake wa maji."

"Manane! Nishinde nafungua na kufunga kama mlango wa choo cha msibani? Makapu mawili. Hatua ishirini, ishirini."

"Ishirini ni pana mno, mzee."

"Nani msimamizi?"

Senkoro akaanza kuzigawa kokoto.

Yakawa mawili. Kapu la kwanza, hatua moja mpaka ishirini. La pili, ishirini na moja mpaka arobaini. Kila shamba la kapu hilo likapewa maji ya kutosha hatua thelathini, eti ndiyo katikati.

Katika kapu la pili alikuwamo Nakunda, mwenye hatua ishirini na moja. Alikuwamo na jirani yake Nakiete, mjane, hatua arobaini kamili. Kwa Nakunda maji yalifika, yakapita, yakamwagika njiani, mbuzi wakanywa. Kwa Nakiete yalikatikia hatua ya thelathini. Kumi za mwisho ndiko alikopanda mbegu, mahindi mekundu aliyoachiwa na mama yake. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Yakakauka yote.

Nakiete akabeba bua kavu mpaka kwa wazee. "Nani kaniulia mbegu?"

Mbonea akasema, "Mimi nina mikono miwili tu. Tena kila ukibadilisha zamu, mfereji unakunywa maji yake. Senkoro ndiye aliyejua. Mbona hakunishikilia?"

Senkoro akasema, "Nilisema, nikafokewa. Mimi makapu niliyaona siku moja. Nakunda maji yakimwagika aliyaona msimu mzima."

Nakunda akasema, "Maji nilipewa, sikuiba. Ningejuaje kwa mwenzangu hayafiki?"

"Shoga," akasema Nakiete, "si ulikuwa ukiruka dimbwi lako ukija kwangu kuomba chumvi? Mahindi yangu uliyaona ya kijani?"



Wazee wakakata shauri: mwenye kosa amwachie Nakiete zamu yake ya maji msimu mzima. Na mmoja wa wale watatu alilipa. Mama yangu aliliona shamba lake mwaka ule, mbigili tupu, kuku wanaoga vumbi. Mahindi mekundu hayakurudi hata hivyo.

Jina silitaji, mtakimbilia kuliandika kwenye daftari. Je, ninyi mngemkaushia nani shamba?