Kichocho Kabatini

"Kilicho hai hakikumbukwi, huonyeshwa." Mmenisikia nikimtania hivyo mwalimu wenu, anayechora nyuki ubaoni ilhali mzinga uko nyuma ya darasa, basi mnaning'ang'ania: Shangazi, imetoka wapi? Haya, kaeni. Kulwa, weka simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Lambo la kijiji chetu lilikuwa na kichocho. Holo, binti wa dada yangu Milembe, alikuwa akikojoa damu, tukakosa raha nyumba nzima. Mtafiti mmoja, Daktari Nkwabi, alimpa dawa akapona. Akatuonya kwamba ugonjwa unatokana na konokono wa lambo, na mtoto akirudi majini, nao utarudi. Lakini alisema Kiswahili cha chuoni, sisi tukamwitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu tu.

Akaona apeleke konokono makumbusho ya wilaya, labda huko tutaelewa. Alimkabidhi Bi Sayi, mtunzaji, magamba matupu, akaenda zake. Bi Sayi akayapanga kwenye kabati la kioo, kati ya mkuki wa mtemi na ngoma iliyopasuka.

Tulikwenda kuona. Lo! Tulirudi tukipiga vigelegele na kuimba. Kwani makumbusho si mahali pa mambo yaliyopita? Mtemi hayupo, ngoma hailii, basi na kichocho kimekwisha! Milembe akamwambia Holo, "Kesho nenda ukaoge na wenzio, mwanangu. Ugonjwa umeshawekwa kabatini."

Daktari alikutana nasi njiani, akasikia tunachoimba. Alimwendea Bi Sayi mbio.

"Utawaua watu kwa kabati lako!"

"Mimi tena? Uliniachia magamba bila hata neno moja. Ningewaambia nini?"

Daktari akanywea. "Kweli, mama. Basi nifundishe kusema na watu."

"Nifundishe na wewe hao konokono. Na safari hii tuwaonyeshe walio hai."

Kesho yake walifika lamboni pamoja. Holo ameshavua viatu, mimi na Milembe tumesimama ukingoni.

"Holo!" Bi Sayi akapaza sauti. "Ngoja kwanza, mama. Njoo umwone anayekusubiri humo."

Daktari alivaa glavu, akaopoa konokono, akawatia katika gilasi ya maji, akaiweka juani. Tulikaa tukipiga soga mpaka jua likawa kali. Kisha Bi Sayi akampa Milembe kioo cha kukuzia. Milembe akainama. Vijidudu vyenye mikia vilikuwa vikitoka kwa konokono, vikiogelea kama viluwiluwi; ndivyo, alisema Bi Sayi, vinavyopenya ngozi ya mtu na kuleta kichocho.

"Mama yangu wee! Kumbe bado wapo!"

Akamrukia Holo, akampapasa miguu. Mikavu! Akamkumbatia huku akilia na kucheka, nami nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, moyo umetua.

Tangu hapo Bi Sayi na Daktari hawakuachana. Siku za gulio mmoja hushika gilasi, mwingine huita watu. Na jirani alipomcheka Milembe kwa kuamini kabati, dada yangu hakuona haya hata kidogo. Alimvuta Holo ubavuni, akajibu, "Nicheke, lakini mwanangu mzima. Kilicho hai hakikumbukwi, huonyeshwa."