Bi Pimbi Hasikii

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango na walibisha hodi, Bi Pimbi aliishi na wanawe katika majabali ya kando ya mto. Juu yake alikuwa na jirani, Mzee Tembo, mwenye shamba la migomba. Chini, majini, aliishi Bwana Kiboko.

Basi asubuhi moja, wanangu, majirani hao waliamka wamevimba kwa hasira. Tembo aliziba njia ya mtoni kwa magogo. Kiboko naye akapanda juu hadi shambani kwa Tembo, akaikanyaga migomba, chapa! chapa! Haukubaki mgomba hata mmoja. Sasa wakataka kupigana, na uwanja waliouchagua ni mlangoni kwa Bi Pimbi!

“Wewe, hama!” Tembo alifoka.

Bi Pimbi alipandwa na hasira. Watoto wake walikuwa wanalia kiu, na nyumba ile aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Ahame aende wapi? Akaketi kizingitini, akatega mkono sikioni.

“Eti? Hema? Hema sina, baba.”

“Hama! Tutakukanyaga!”

“Kanga? Kanga nimeshaanua, ahsante.”

“Lo! Kiziwi huyu,” alisema Kiboko.

“Masikio yangu mabovu,” alisema Bi Pimbi, “lakini sitoki hapa mpaka nijue mnagombania nini. Na sauti ya mbali siipati. Kwa hiyo mmoja aseme, mwenzake aje aniambie hapa karibu, neno kwa neno. Akikosea, tunaanza upya!”

Wakaguna, wakanuna. Lakini hakusogea hata kidogo, wafanyeje?

Tembo akaanza. Akasema weee, mpaka akakaukiwa na mate. Kiboko akainama kwa Bi Pimbi, akamrudishia kwa shingo upande:

“Anasema juzi alipita nyuma ya matete. Akanisikia nikimwambia mke wangu kwamba nammaliza Tembo. Anasema… anasema aliogopa. Akaziba njia nisiwafikie wanawe.”

Kiboko akamgeukia Tembo. “Wewe? Uliniogopa mimi?”

“Zamu yako!” Bi Pimbi alimkatiza. “Wewe ulimwambia nini mkeo?”

Kiboko akasema. Tembo, mwenye masikio kama nyungo, akaja kurudisha.

“Anadai alisema, ‘Leo nammaliza Tembo—’”

“Sivyo!” Kiboko alipiga kelele.

“Tunaanza upya,” alisema Bi Pimbi.

Tembo akasikiliza tena, safari hii mpaka mwisho.

“Alisema, ‘Leo namaliza tembo. Lote. Silibakizi hata tone.’” Akasita. “Lote? Mimi ni lote? Mimi nina tone?”

“Tembo la mnazi, ndugu yangu!” Kiboko alilia. “La kunywa! Nililetewa kibuyu kizima!”

Kumbe! Mzee mzima alisikia neno moja akatimua mbio, hakungoja la pili! Tembo aliona aibu, mkonga ukamning’inia. Kiboko naye alikumbuka ile migomba, akaona aibu vilevile.

“Njia!” alisema Bi Pimbi. “Watoto wangu wana kiu!”

Tembo akayang’oa magogo mwenyewe, puu! puu! puu! Watoto wa Bi Pimbi wakateremka mbio mtoni. Kiboko akaenda kuchimba mashimo ya migomba mipya, jasho likimtoka.

Jioni wakiwa wamepumzika, Tembo akamnong’oneza Kiboko kwa sauti ya chini kabisa, “Hivi huyu bibi ni kiziwi kweli?”

“Si kiziwi!” sauti ilijibu kutoka ndani ya majabali. “Viziwi ni nyinyi wawili! Na siku nyingine mkitaka kupigana, mpigane milangoni kwenu!”

Ndipo nilipowaacha mimi, wanakunywa maji ya mto mmoja. Na nyinyi wanangu, msikilizeni mtu mpaka amalize, kabla hamjakunja ngumi.