Ndoo Yenye Tumbo

Bwana Machota, mnunuzi pekee wa dagaa pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, alikigonga kitako cha ndoo yake ya bati kwa nyundo mpaka kikatuna, ikawa inameza zaidi. Nyanjige, mkausha dagaa, aliinyanyua mbele ya wenzake.

"Bosi, hii ni sawa na ndoo nyingine?"

"Naapa, mama. Ndoo ni ndoo."

"Haya, pima."

Walipolipwa, wanawake wote walimfuata Machota mpaka dukani kwake kununua chumvi ya kukaushia. Machota akachukua ndoo ya dukani.

"Hapana, bosi," Nyanjige alisema, akimsogezea ile yenye tumbo. "Tupimie kwa hii. Si ziko sawa?"

Jioni ile mwalo mzima ulisikia nyundo ikikirudisha kitako mahali pake.